Pikapu ya 2WD kuwa 4WD kwa spea za magari yaliyochinjwa: njia ipi inafaa Tabora?

Mwenye Hilux inayovuta nyuma peke yake (2WD), na mzigo wake uko Kitunda, Ulyankulu au pembeni mwa mbuga ya Wembere kule Igunga, ana njia nne za kufanya mvua zikishaanza Novemba. Anaweza kuliacha gari lilivyo na kuliongezea uwezo kwa tairi na difu. Anaweza kulifungia difu ya mbele na transfa (boksi la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma) kutoka magari yaliyochinjwa, akikusanya kipande kimoja kimoja. Anaweza kununua 4WD mbovu nzima, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kuhamishia kabini na bodi yake juu ya chesisi ya gari hilo. Au auze alilonalo na anunue lingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: njia ya pili, ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi magerejini kwa sababu unalipa kidogo kidogo, ndiyo ninayoishauri kwa watu wachache kabisa. Ya kwanza inawatosha wengi kuliko wanavyodhani. Na anayehitaji 4WD kweli, akiwa na fundi mzuri, aitazame ya tatu kabla hajatoa hata shilingi moja ya spea.

Kwanza, nini hasa kinakukwamisha?

Pikapu tupu ina zaidi ya nusu ya uzito wake mbele, juu ya injini na kabini. Gari la 2WD linasukumwa na magurudumu ya nyuma, yaani yale yaliyobeba uzito mdogo. Ndiyo maana gari linalokwenda shambani tupu hukwama mahali ambapo jioni, likirudi na marobota ya tumbaku au madumu ya asali, linapita. Mzigo unayakandamiza magurudumu yanayovuta. Kuna upande wa pili pia: kwenye udongo laini sana mzigo huohuo unalizamisha.

Jambo la pili ni difu yenyewe. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa gurudumu la kushoto na la kulia, na kiasi chake kinaamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, linazunguka bure na lenzake linasimama. Kwa hiyo 2WD yenye difu ya kawaida, kwenye matope, mara nyingi inavuta kwa gurudumu moja. Na 4WD yenye difu za kawaida mbele na nyuma inaweza kubaki na magurudumu mawili yanayozunguka hewani huku mengine mawili yametulia. Wapo walioingia gharama zote za kubadilisha gari wakakuta hili baadaye, na linaumiza.

La tatu ni ardhi. Mchanga wa huku kwetu unahitaji tairi pana iliyopunguzwa upepo. Kutoka psi 35 hadi 18 au 20 tairi inatandaza, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukifika barabara ngumu unajaza tena. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukilowa unavimba, unajaza nafasi zote kwenye kashata za tairi, na tairi mpya inakuwa sawa na kipara. Hapo kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia sana, mpaka ekseli itakapokaa juu ya tope. Ikishakaa, hata 4WD inangoja kuvutwa.

Njia ya kwanza: 2WD iliyoboreshwa

Tairi za kashata nyuma, springi za nyuma zilizo hai, kamba imara, koleo, pampu ya upepo, na difu ya nyuma yenye kufunga au ya LSD, yaani inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure peke yake. Kwenye Hilux nyingi, sehemu ya kati ya difu yenye gia hutoka ikiwa nzima kwa kufungua bolti za mbele, ukishachomoa shafti mbili za pembeni. Kwa hiyo kubadilisha difu ya kawaida kwa ya LSD kutoka gari lililochinjwa ni kazi ya siku moja, mradi saizi na rasio (idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa magurudumu) vilingane na za gari lako. LSD inataka oili yake maalumu, na LSD iliyochakaa haina tofauti na difu ya kawaida. Ijaribu kabla hujalipa: shikilia upande mmoja usizunguke, jaribu kuuzungusha wa pili kwa mkono. Ukizunguka kirahisi, ndani yake hakuna kitu.

Kinachopatikana hapa ni gari linalovuta kwa magurudumu mawili ya kweli. Kwa anayetoka mjini kwenda Urambo, Sikonge au Nzega kwa lami, kisha akaingia kilomita chache za vumbi, inatosha. Chesisi haijaguswa, kadi ya gari haina utata, na mafuta hayajaongezeka.

Ambacho hutakipata ni gia ya chini, na hapa ndipo watu wanapoidharau transfa. Transfa ya gia ya Hilux za zamani ina upunguzaji wa 2.28. Chukua gia ya kwanza ya takribani 3.9 na difu ya 4.556: nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu ikiwa imezidishwa karibu mara 18. Weka gia ya chini ya transfa, inakuwa karibu mara 41. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kupanda kingo za korongo taratibu bila kuunguza klachi, na kushuka nazo bila kukaa juu ya breki. Mwenye kupita makorongo kila wiki na mzigo, hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kutafuta 4WD.

Njia ya pili: kukusanya vipande

Nachukua mfano wa LN85, Hilux ya 2WD ya kizazi cha 1988 hadi 1997 yenye injini ya 2L, kwa kuwa ndiyo inayofikiriwa zaidi kwa kazi hii. Ndugu yake wa 4WD ni LN106, yenye injini ya 3L na ekseli nzima ya mbele juu ya springi za bamba. Injini za 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja, kwa hiyo giaboksi ya LN106 inafunga kwenye injini ya LN85. Hiyo ndiyo habari njema, na ndiyo inayowadanganya watu kwamba kazi ni ndogo.

Orodha yenyewe ni hii. Giaboksi ya 4WD, kwa sababu ile ya 2WD ina mkia tofauti na transfa haifungi. Transfa na mikono yake. Propela mbili. Ekseli ya mbele ikiwa na makono (viungo vinavyogeuza magurudumu kwenye kona), hab, friwili na breki zake. Springi za mbele na vishikio vyake vya kwenye chesisi. Boksi ya stelingi ya 4WD na fimbo zake. Sampu (beseni la oili) ya injini ya 4WD pamoja na bomba lake la kunyonya oili ndani, maana ile ya 2WD inagongana na ekseli springi zikibonyea. Hozi ndefu za breki. Shokamzoba. Na difu ya nyuma yenye rasio sawa na ya mbele.

Ukinunua giaboksi kwa huyu, transfa Gerezani, Dar es Salaam, na ekseli kwenye mnada, kila kimoja kinaweza kuwa kizima na bado vyote kwa pamoja visifanye kazi. Difu ya mbele haikai katikati ya ekseli. Inaegemea upande mmoja, na mdomo wa transfa unaopeleka nguvu mbele lazima uwe upande huohuo. Ekseli ya kampuni nyingine inaweza kuwa imeegemea upande wa pili, na hakuna propela itakayokatiza chini ya injini kwa pembe ile.

Rasio ndiyo inayovunja mioyo. Hilux zimekuja na difu za 4.1, 4.3, 4.556 na 4.875. Ukifunga 4.1 mbele na 4.3 nyuma, kila mita 100 ekseli moja inataka kwenda karibu mita 5 zaidi ya mwenzake. Kwenye tope tairi zinateleza na kusamehe. Kwenye ardhi ngumu transfa inachemka, tairi zinalika, na mwishowe kitu kinakatika. Muuzaji akikwambia "hizi zote za Hilux, kaka, zinaingiliana," mshukuru kisha uhesabu mwenyewe. Gurudumu moja la ekseli likishikiliwa lisizunguke, zungusha la pili mizunguko 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya mdomo wa propela. Ikiwa 41, rasio ni 4.1. Ikiwa 43, ni 4.3. Arobaini na tano na nusu ni 4.556, na karibu 49 ni 4.875. Hesabu hii ni ya difu ya kawaida, siyo LSD wala iliyofungwa. Jambo zuri la ekseli nzima ya Hilux ni kwamba sehemu ya kati ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma ya inchi 8 huwa za ukubwa mmoja, hivyo kulinganisha rasio kunawezekana bila kuchonga chochote.

Halafu chesisi. LN85 mbele ina mikono ya juu na ya chini, kila gurudumu na lake, ikining'inia kwenye krosmemba nzito. Ili ekseli nzima ikae, krosmemba hiyo inakatwa na nguvu yake inarudishwa kwa nyingine, kisha vishikio vya springi vinafungwa mahali ambapo Toyota hakupanga viwepo. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Vishikio vikikosea sentimita moja kati ya kushoto na kulia, gari linakwenda upande maisha yake yote. Ekseli ikilala pembe isiyo yake, stelingi haijirudishi baada ya kona, na kwenye spidi magurudumu yanaanza kutikisika. Mchomeleaji mzuri anaweka bamba la kuimarisha nje ya kiungo, hakati mstari wa moja kwa moja kuvuka ubavu wa chesisi, anatumia bolti za daraja la 8.8 kwenda juu, na anachomoa betri na nyaya za altaneta kabla ya kuwasha mashine. Kama fundi wako hayataji haya bila kuulizwa, mwachie kazi ya mageti.

Propela zinakatwa na kuunganishwa upya. Zinatakiwa zipimwe kwenye mashine ya kusawazisha, na krosi (viungo vinavyopinda) za ncha mbili zikae kwenye mstari mmoja. Propela iliyounganishwa kwa jicho inatetemeka, na mtetemo huo unakula sili na mkia wa giaboksi muda mfupi tu baada ya kulipa. Kusafirisha propela kwenda Dar es Salaam kwa mizigo ya basi na kuisubiri irudi ni usumbufu, lakini ni gharama ambayo lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Wengine huuliza kuhusu kufunga mbele mfumo wa kila gurudumu na mkono wake, kama ulivyo kwenye 4WD nyingi za baadaye. Unaendesheka vizuri zaidi kwenye lami, hilo ni kweli. Lakini difu yake inafungwa kwenye chesisi, na mikono yake inataka vishikio vilivyopimwa kwa milimita. Kwa gereji ya kawaida, kuvibuni hivyo kwenye chesisi ya 2WD sikushauri kabisa. Ekseli nzima inakusamehe. Ni ngumu mgongoni, inapiga kelele kidogo, lakini ina yubolti nne na springi mbili, na fundi wa Sikonge anaweza kuirekebisha chini ya mwembe.

Njia ya tatu: gari zima la kuchinja

Badala ya vipande, unatafuta LN106 iliyokufa bodi au injini: iliyopinduka kidogo, iliyooza kabini, au iliyouzwa kwenye mnada wa magari ya serikali au mashirika baada ya kuchoka. Kila kitu kilichoorodheshwa hapo juu kinakuja kimeshalingana. Rasio zinalingana, propela ni za urefu wake, vishikio viko mahali pake, breki na stelingi ni za gari hilo. Kazi inakuwa kunyanyua kabini na bodi ya gari lako na kuvishusha juu ya chesisi yake. Kabini za kizazi kimoja zinakaribiana sana. Utakutana na tundu la mikono ya transfa kwenye sakafu, mpangilio wa nyaya, waya wa geji ya spidi unaotoka kwenye transfa, na bolti chache zinazohitaji ubunifu. Injini yako ya 2L inaweza kukaa pale, ikivikwa sampu ya LN106. Kama 3L ya gari lililochinjwa bado ina pumzi, mwache mwenyeji aendelee kukaa kwake.

Pesa ya kuanzia inaonekana kubwa, kwa kuwa unalipa gari zima kwa mkupuo. Ukijumlisha vipande vya njia ya pili, kuchomelea, kuchonga, nauli za spea na zile zilizorudishwa kwa kutolingana, pengo hilo linapungua haraka. Na baada ya kazi unabaki na injini ya pili, difu, giaboksi ya 2WD na springi za kuuza. Katika njia ya pili kinachobaki ni chuma chakavu.

Ila likague. Chesisi iliyopinda haifai hata kwa bure: pima kwa futi ya kamba kutoka kona moja kwenda ya mkabala, kisha ya pili, vipimo viwili visipokaribiana, ondoka. Fungua oili ya transfa uipake kwenye kidole: chembe zinazong'aa kama unga si za kutisha, vipande vya chuma ni kuondoka. Kwenye makono ya mbele, oili nyembamba ikichuruzika mahali pa grisi, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha joint, kiungo cha ndani ya kono kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa. Kata stelingi mpaka mwisho, vuta mbele taratibu ikiwa kwenye 4WD. Mlio wa kukatika-katika ni joint iliyochoka. Shika mkono wa stelingi juu ya kono uutikise: stadi zake kulegea ni ugonjwa unaojulikana wa ekseli hizi, na zikikatika barabarani hakuna stelingi tena.

Kadi ya gari

Kadi inayotolewa na TRA inalitambua gari kwa namba ya chesisi. Kwa njia ya kwanza hakuna kinachobadilika. Kwa njia ya pili namba inabaki yako, lakini umbo la gari limebadilika, na kampuni ya bima inatakiwa kujua kabla ya ajali, siyo baada yake. Kwa njia ya tatu, ukweli ni kwamba gari jipya ni lile lililochinjwa, na wewe umelitengeneza kwa kabini yako. Kwa hiyo linalochinjwa lazima liwe na kadi halali ya kuhamishwa jina lako, na injini ikibadilika ipelekwe kusajiliwa. Gari la mnada lisilo na karatasi libaki kuwa la spea tu. Atakayekwambia akate kipande chenye namba kwenye chesisi ya zamani na kukichomelea kwenye mpya anakuingiza kwenye kosa la jinai.

Njia ya nne: uza, nunua

Haina mengi. Ni ya mtu ambaye gari lake ndiyo mshahara wake na hawezi kulisimamisha wiki kadhaa. Unajua siku hiyohiyo unachopata, unaliendesha kabla ya kulipa, na lina thamani ya kuuzika tena. Gari lililogeuzwa, hata likiwa zuri namna gani, mnunuzi atalishuku na bei itashuka. Kipimo changu ni hiki: jumlisha bei ya kuuza gari lako lilivyo na bajeti yote ya kuligeuza. Kama jumla hiyo inafika bei ya LN106 nzima inayotembea, mjadala umekwisha.

Wenye Noah na wao huuliza. Noah ya SR40 ni 2WD na SR50 ni 4WD, na zinafanana kwa nje kiasi kwamba watu hudhani ni kuhamisha difu tu. Noah haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na sakafu ya moja siyo ya nyingine. Tena SR50 haina gia ya chini. Uza SR40, ongeza hela, chukua SR50.

Ningemwambia nani achague nini

Mfanyabiashara wa mjini anayefuata asali vijijini mara moja moja: njia ya kwanza, na pesa inayobaki inunue tairi. Mwenye shamba la tumbaku ndani kabisa, au anayepita barabara ya Ipole kwenda Rungwa na kuchepuka porini masika yote, na anayo LN85 yenye bodi nzuri: njia ya tatu, akipata gari lenye kadi. Anayeishi kwa kukodisha gari lake: ya nne. Njia ya pili namwachia fundi mwenyewe, aliye na mashine ya kuchomelea, na ekseli kamili yenye giaboksi na transfa kutoka gari moja tayari iko uani kwake.

Anayeamua kugeuza aanze Mei au Juni, mvua zikiisha. Ajipe muda wa kulitembeza gari tupu kwenye vumbi, kisha akaze upya yubolti zote, stadi za makono na bolti za vishikio, abadilishe oili ya difu na transfa baada ya kilomita 1,000 za kwanza, na asiweke 4WD kwenye lami, kwa kuwa transfa hizi hazina difu ya katikati na kwenye kona magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Mzigo kamili uingie Septemba, wakati barabara bado ni kavu na gereji bado iko karibu.